Sababu ya Kuja

Siku ya saba kati ya kumi.
Kwenye ubao wa wilaya, hapa Masindi,
karatasi imepigwa pini nne kana kwamba itatoroka:
madawati mia nne, shule kumi na moja,
zabuni iliyotengewa kampuni za askari wastaafu.
Mshindi: Ngao Saba Limited.
Sisi wa Buti Kavu tumo chini kabisa,
kwa wino uliokuwa ukiisha.

Kabasinguzi, mke wangu, aliisoma mara mbili
kisha akauliza swali la mtu aliyekopea mbao:
"Hiyo Ngao Saba ni ya nani?"

Nikalipa ada, nikafunguliwa daftari la makampuni.
Hisa hamsini na moja kwa mia: Adriko Silvano,
koplo mstaafu, namba ya jeshi ninayoijua kwa ghibu
kwa kuwa inafuata yangu.
Siku ya kuandikishwa alikuwa nyuma yangu kwenye foleni,
akinikanyaga visigino.
Hisa zilizobaki: tajiri mmoja mwenye maghala matatu
ambaye hajawahi kulala na viatu miguuni.

Sheria haina kigugumizi.
Askari awe mwenye mali, awe mwenye kauli,
mkono wake ndio utie sahihi kwenye hundi.
Wakili, ghorofani juu ya duka la dawa,
alilipima shauri langu kama nyama ya kilo:
"Pingamizi jepesi hili. Thibitisha tu
kwamba huyu Adriko ni jina, si mtu."

Jina, si mtu.

Mheshimiwa, uzito wa jina hilo naujua.
Mogadishu, ukuta umetobolewa kama chekeche,
goti langu limefunguka,
jina hilo lilinibeba mgongoni
likinitukana kwa Kiswahili cha kambini,
kile kisichojali ngeli:
"Wewe kitu mzito! Wewe gunia ya posho!
Kama nataka kufa, kufa kesho!"
Nikacheka huku damu inanitoka.
Kesho ikaja, nikasahau kufa.

Siku ya nane nilikaa karakanani.
Mikalitusi imeshapasuliwa, inakauka na kujikunja,
vijana watano wananitazama bila kuuliza,
na msumeno uliozimwa una kelele zake.
Barua ya pingamizi ilikuwa mfukoni,
kurasa tatu na pengo la sahihi.

Siku ya tisa nilikwenda Ngao Saba.
Geti la bluu, seng'enge juu.
Kwenye kibanda, mtu mwenye rungu,
sare ya ulinzi imempwaya mabegani,
redio ndogo, chupa ya chai, sahani imefunikwa kwa sahani.
Adriko.
Mwenye hisa hamsini na moja kwa mia
analinda geti asiruhusiwe kuingia ndani.

Hatukukumbatiana. Aliliangalia goti langu kwanza,
kama fundi anayekagua kazi yake ya zamani.
"Bado linapinda?"
"Mvua ikija, linajua kabla ya mbingu."

Akavuta daftari la wageni, akanipa kalamu iliyofungwa uzi.
Wote huandika, akasema, hata afande.
Jina. Utokako. Namba ya simu.
Sababu ya kuja.

Nikaandika: *Kumwona mwenye kampuni.*

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno,
kama tulivyofundishwa kusoma ramani.
Lori likapiga honi; hakulifungulia.
Nikaona koo lake likimeza kitu kisicho chai.
Sijui analipwa ngapi kwa jina lake kila mwezi.
Sikuuliza. Nina watoto, naye ana watoto,
na karo haijui nani alimbeba nani.

"Hayupo," akasema. "Hajawahi kuja hapa."

Nikaanza kuondoka.
Akaniita kwa namba yangu, si kwa jina,
akagonga ukurasa kwa kalamu ile ya uzi:

"Hujaandika saa.
Andika na saa, sajenti. Wataiulizia."